Kupiga picha majengo ya Sokoine Drive

Ukiwa Posta, Dar es Salaam, pale Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu linapochunguliwa na maghorofa marefu, usiibinue simu kuelekea juu. Ukiibinua, mnara unaonekana kama unaanguka kwa nyuma. Vuka barabara, rudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, washa gridi (ile mistari ya kunyooshea picha kwenye kioo cha kamera), shika simu wima kabisa, halafu kata lami iliyozidi chini. Lami haina kazi hapo.

Wahi asubuhi, jua likiwa bado linapiga upande unaotazama bandari. Kuta nyeupe za Azania Front, kanisa la Kilutheri, huungua haraka kwenye picha, zikawa weupe mtupu: gusa ukuta kwenye kioo cha simu, shusha mwanga hadi vivuli vya madirisha vionekane. Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, mimi nalipenda kwa karibu kuliko kwa mbali. Mwanga wa ubavuni unatokeza nakshi za mlango vizuri mno.

Jengo lenye mlinzi, msalimie kwanza ndipo uombe. Na kamera usiielekeze ndani ya bandari.