SOMO: Kuwasha taa kwa sumaku na bomba la sindano, na kwa nini sumaku ikitulia taa inazima

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita niliahidi somo la induksheni (kuzalisha umeme kwa sumaku inayosogea), leo nalitimiza. Sitaanza na fomula. Tutatengeneza kitu, kiwake, halafu tuulizane kimewakaje.

Mahitaji: bomba la sindano la mililita 10, jipya, kutoka duka la dawa (la kuokota usiliguse). Sumaku nne za duara za niodimiamu, zile nyeupe kali, upana milimita 10 na unene 5. Taa mbili ndogo za LED, nyekundu na ya njano. Waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.2, kama mita 60 hivi. Nenda kwa fundi anayesuka mota, mwambie ni wa jaribio, atakukatia kwa bei ya soda. Na kipande cha msasa.

Hatua ya 1: kusuka koili, yaani kuzungushia waya kwenye bomba mara nyingi. Suka katikati ya bomba, sehemu yenye urefu wa sentimita 2 tu. Usifunike bomba zima. Sumaku ikiwa yote ndani ya koili ndefu inatembea bila koili kuona badiliko lolote, na wewe utatikisa mpaka bega liume. Mizunguko iwe 1,000. Ndiyo, elfu moja, na unahesabu kwa mdomo.

Kabla hujaanza, chora mshale kwa kalamu kuonyesha unakosukia. Mimi sikuchora. Nilifika mzunguko wa 400, simu ikaita, niliporudi nikashika bomba kinyume na kuendelea. Kumbe 400 zilikuwa zinavuta huku na 600 zinavuta kule. Faida niliyobaki nayo ni mizunguko 200, taa haikuwaka hata kwa dua. Nikafumua yote.

Hatua ya 2: sumaku. Zishikanishe nne ziwe mrundo mmoja wa milimita 20. Mrundo lazima uwe mrefu kuliko upana wa ndani wa bomba, la sivyo sumaku inapinduka humo ndani na ncha zinabadilishana bila mpango. Weka kipande cha sponji kila mwisho, kwa sababu sumaku hizi hupasuka kama kigae zikigonga.

Hatua ya 3: taa. Kwangua vanishi kwa msasa ncha zote mbili za waya, sentimita nzima, mpaka shaba ing'ae. Vanishi haionekani kirahisi, waya unaonekana uko wazi kumbe umevaa koti. Funga LED mbili kwa kupishana, mguu mrefu wa moja na mguu mfupi wa nyingine. Usichague LED nyeupe, inadai karibu volti 3. Nyekundu inaridhika na 1.8 hivi.

Hatua ya 4: zima taa ya chumba, tikisa kwa nguvu.

Angalia vizuri. Sumaku ikipita koili inawaka moja, kisha nyingine, kufumba na kufumbua. Sumaku inapoingia mkondo unakwenda upande mmoja, inapotoka unageuka. LED hupitisha mkondo upande mmoja tu, kwa hiyo hiyo ndiyo mita yako (kipimo cha mkondo) ya bei rahisi. Sasa isimamishe sumaku katikati kabisa ya koili, mahali uga (nguvu ya sumaku inayoenea kuizunguka) ulipo mkali kuliko kwingine kote. Taa zote kimya.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza, tukidhani sumaku iliyotulia nayo inatoa umeme, na si sisi tu. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliandika kwenye daftari lake mwaka 1822 kwamba anataka kugeuza usumaku kuwa umeme, akaja kufaulu Agosti 1831. Lakini mimi namhurumia zaidi Colladon, mwanafizikia wa Geneva. Mwaka 1825 alikuwa na koili, sumaku na mita. Akaogopa sumaku isije ikavuta sindano ya mita, akaiweka mita chumba kingine. Anachomeka sumaku, anatembea hadi chumba cha pili, anakuta sindano imetulia kwenye sifuri. Ilikuwa imecheza wakati yuko njiani!

Koili haijali una sumaku kubwa kiasi gani. Inajali uga unaopita ndani yake (flaksi) umebadilika kiasi gani na kwa muda gani:

E (volti) = N (idadi ya mizunguko) × badiliko la flaksi ÷ muda

Kwa kifaa chetu tuseme flaksi inabadilika Weba 0.00004 (Weba ni kipimo cha flaksi) ndani ya sekunde 0.02. Mara 1,000, ukigawanya, unapata volti 2. LED nyekundu imeshiba. Tikisa polepole mara mbili, muda unakuwa 0.04, volti inashuka hadi 1, giza.

Hatua ya 5: breki. Tafuta kwa fundi friji bomba la shaba la nusu inchi, urefu mita moja, lisimamishe wima. Dondosha msumari ndani: unafika mwisho kabla ya nusu sekunde. Dondosha sumaku: inachukua sekunde kadhaa, unaichungulia ikishuka kama mtu anayeteremka ngazi akiwa na ndoo ya maji kichwani. Shaba haivutwi na sumaku, jaribu mwenyewe. Ila sumaku inapopita inazalisha mikondo kwenye kuta za bomba, na mikondo hiyo ina uga wake unaopinga mwendo ule ule ulioizalisha. Ndiyo kanuni ya Lenz ya mwaka 1834, na ndiyo alama ya kutoa inayowekwa mbele ya ile fomula.

Hatua ya 6: nishati iliyojificha. Chukua rilei ya gari (swichi inayovutwa na koili) ya volti 12, gusisha koili yake kwenye betri, kisha achia. Unapoachia, cheche. Koili ikiwa na mkondo inatunza nishati kwenye uga wake, nusu ya L × I² (I ni mkondo, L ni induktansi ya koili, hupimwa kwa henri). Ukikata mkondo ghafla uga unaporomoka, na badiliko la haraka maana yake volti kubwa, mamia. Shika waya kwenye plastiki yake. Mimi nilishika ncha kwa vidole nikijiambia volti 12 hazirushi mtu. Rilei niliikuta chini ya kabati.

Karibuni maswali.

---

ndizi_mbivu: Mkuu, nimefuata kila kitu, haiwaki kabisa.

Jibu: Pima ukinzani wa koili kwa mita. Ukisoma ohmu 30 hadi 35, koili ni nzima, angalia LED na kasi ya mkono. Ikisoma haina mwisho, vanishi haijatoka au waya umekatika ndani.

ndizi_mbivu: Ilikuwa vanishi. Imewaka, watoto wameninyang'anya.

mzee_wa_jenereta: Kuna video jamaa kabandika sumaku kwenye feni, inazunguka yenyewe na kuwasha nyumba. Kwa nini tunalipa bili ya umeme?

Jibu: Kwa sababu ya hatua ya 5, mzee wangu. Ukichukua mkondo, mkondo huo huo unakuwa breki. Taa zaidi, breki zaidi. Jenereta za Bwawa la Nyerere, tisa za megawati 235 kila moja, zisingehitaji maji ya Rufiji kama sumaku ingetosha. Feni ya kwenye video ina betri imefichwa. Na sumaku si tangi la mafuta: uga wa Tesla 1 kwenye sentimita moja ya ujazo una nishati ya jouli 0.4 tu. Ungetumia mara moja ikaisha.

F4_mtihani: Shikamoo mwalimu. Nisipoandika alama ya kutoa nakosa?

Jibu: Marahaba. Wakiuliza ukubwa wa volti, andika namba bila alama. Wakiuliza mwelekeo, ieleze kwa maneno: mkondo unapinga badiliko lililouleta.

boda_kijiweni: Fundi, koili ya plagi ya pikipiki yangu nayo inatunza nishati kama hiyo rilei?

Jibu: Swali zuri kuliko yote. Gari la zamani la pointi (swichi inayokata mkondo wa koili), ndiyo: koili ya milihenri 8 yenye ampea 4 inatunza jouli 0.064, pointi zikifunguka, plagi inapiga. Lakini boda nyingi zina CDI, kile kisanduku cha umeme kinachopigisha plagi. Humo nishati inakaa kwenye kapasita (kifaa cha kutunza chaji), koili inapandisha volti tu kama transfoma.

boda_kijiweni: Ndiyo maana nimebadilisha koili mara mbili na bado haipigi?

Jibu: Huenda. Azima CDI ya mwenzako mwenye pikipiki kama yako kabla hujanunua koili ya tatu.