Jinsi ya kutumia tv kubwa kama monita ya gemu bila maus kuwa nzito

Kama una kompyuta ya gemu na tv kubwa ipo tu ukutani, unganisha hivo vitu viwili, kuna raha pale ambayo monita ya inchi 24 haiwezi kukupa. Sema sasa ukichomeka tu waya ukaanza kucheza, uwezekano mkubwa utakuta maus nzito, maandishi yana ukungu na kingo za picha zimekatwa, alafu utaondoka unasema tv hazifai kwa gemu. Zinafaa sana tu. Tatizo ni kwamba tv imetengenezwa kuipamba picha, ikipokea fremu (picha moja kati ya nyingi zinazounda mwendo) inaikalisha kwanza, inaisafisha, inaiongezea ukali, inakoleza rangi, ndo inakuonesha. Mtu anayeangalia muvi hawezi kugundua kitu maana sauti nayo inacheleweshwa ili iendane na picha. Wewe unayecheza ukibonyeza unataka kitu kitokee hapohapo. Kwahiyo karibu kila setingi ntakayokwambia hapa chini lengo lake ni hilohilo, tv iache kupamba na ipitishe picha kama ilivotoka kwenye kompyuta.

Anza kwa kuijua tv yako. Cha kwanza ni Hz halisi za paneli, yani mara ngapi kwa sekunde inaweza kubadilisha picha. Tv nyingi za kawaida ni 60Hz, za juu kidogo ni 120Hz, na zipo za 144Hz kwenda juu. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, watengenezaji wanapenda kuandika "motion rate 120" au 240 na ndani paneli ni ya 60 tu, hiyo namba nyingine ni ya ujanja wa kulainisha picha. Tafuta modeli kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji uangalie refresh rate ya paneli yenyewe. Cha pili ni poti za HDMI. HDMI 1.4 ikipewa 4K (picha ya pikseli 3840 x 2160) inaishia 30Hz na kwa gemu hiyo ni mateso, usijaribu kuizoea. HDMI 2.0 inapitisha hadi gigabiti 18 kwa sekunde, inatosha 4K ya 60Hz. HDMI 2.1 inafika gigabiti 48 na ndo hiyo unayoihitaji kwa 4K ya 120Hz. Na angalia vizuri, tv nyingi hazina 2.1 kwenye poti zote, unaweza kukuta ni mbili tu kati ya nne, na mara nyingine moja kati ya hizo mbili ndo ileile ya eARC, yani ya kutoa sauti, ambayo umeshachomeka saundibaa. Zile nzuri huwa zimeandikwa pembeni 4K 120 au zina alama ya gemu.

Upande wa kompyuta napo kuna mambo. Kadi za grafiki za Nvidia zilianza kuwa na HDMI 2.1 kwenye RTX 30 mwaka 2020, na AMD mwaka huohuo kwenye RX 6000. Kama kadi yako ni ya zamani kuliko hapo basi utabaki na HDMI 2.0, ila hujakwama, maana tv za 120Hz nyingi zinakubali resolusheni ndogo za 1440p au 1080p kwa 120Hz kupitia hiyohiyo 2.0, na mwendo utauona umekuwa laini kweli. Alafu waya uchomekwe kwenye kadi ya grafiki na sio kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), hili linawapata watu wengi kuliko unavofikiria, poti ya mazabodi inatoa picha kama kawaida ila gemu zinakuwa zinavuta miguu na mtu anailaumu tv bure.

Waya wenyewe tafuta ulioandikwa Ultra High Speed, ndo jina rasmi la nyaya za gigabiti 48, na zile zilizothibitishwa zinakuja na lebo ya kuskani kwenye pakiti. Jina "HDMI 2.1" kwenye waya peke yake halina maana sana. Kama kompyuta iko karibu na tv, mita 2 au 3 zinatosha na waya wa kawaida unafanya kazi. Ukivuka kama mita 5 kwenye 4K 120Hz waya wa kopa unaanza kusumbua, picha inakatika sekunde moja inarudi, au unaona vidoti vyeupe vinametameta, hapo nunua ule wa faiba, ila kumbuka faiba una upande, kichwa cha kompyuta na kichwa cha tv, ukigeuza hupati picha kabisa.

Sasa setingi, na hapa ndo pa kutulia. Shika rimoti. Kwanza ingia kwenye setingi za HDMI uifungulie ile poti uwezo wake wote, maana tv nyingi zinakuja zimeibana. Kwenye Samsung inaitwa Input Signal Plus, LG inaitwa HDMI Deep Colour, Sony ni HDMI signal format unachagua ya enhanced. Bila hii hata uwe na kadi ya bei gani hutaiona 4K ya 120Hz kwenye orodha. Pili, badilisha jina au aikoni ya ile input iwe PC. Inaonekana kama ni pambo tu, ila kwenye tv nyingi hiyo aikoni ndo inaiambia tv kwamba kilichochomekwa ni kompyuta, hivo isipunguze taarifa za rangi, na usipoiweka maandishi yatabaki na ukungu hata ufanyeje. Tatu, washa gemu modi. Nje ya gemu modi tv nyingi zinachelewesha zaidi ya milisekunde 50, na zipo zinazofika 100 na kupita. Ndani ya gemu modi tv za miaka ya karibuni nyingi zinashuka chini ya 20, na zilizo nzuri zinakaa karibu na 10 kwenye 60Hz, ukipanda 120Hz zinakaribia 5. Fremu moja ya 60Hz yenyewe ni milisekunde 16.7, kwahiyo tv isiyo kwenye gemu modi inaweza kukuonesha kitu kilichotokea fremu sita zilizopita. Kwenye gemu ya kupigana au ya risasi hapo umeshakufa zamani, bado hujaona tu.

Ukishawasha gemu modi pita tena kwenye menyu ya picha uhakikishe vilivyobaki vimezimwa, kulainisha mwendo, kupunguza chengachenga, mwanga wa kujirekebisha wenyewe, na sharpness ishushe mpaka sifuri au pale ambapo herufi hazina tena mstari mweupe pembeni. Kulainisha mwendo ndo kubaya kuliko vyote kwa gemu, maana ili tv itunge fremu ya katikati lazima isubiri fremu inayofuata ifike, na huko kusubiri ndo uzito unaousikia mkononi.

Rudi kwenye kompyuta. Kwenye Windows nenda Display uweke 4K, alafu Advanced display uweke Hz za juu kabisa, maana mara nyingi Windows inaanza na 60 yenyewe. Kwa watu wa Nvidia, fungua paneli yake uone orodha ya resolusheni, iko kwa mafungu mawili, la juu ni la tv na la chini limeandikwa PC, chagua 3840 x 2160 ya fungu la PC kwasababu wakati mwingine 120Hz inaonekana hapo tu. Hapohapo chini weka rangi ziwe RGB na range (upana kutoka weusi mpaka weupe) iwe Full, alafu kwenye tv black level nayo iendane na Full. Zikipishana utajua tu, aidha weusi unakuwa kijivu kilichofifia au sehemu za giza zote zinamezwa huoni adui kajificha wapi.

Kama taskbar imekatwa chini au kitufe cha kufunga dirisha hakionekani vizuri juu, hiyo ni overscan, tv imeikuza picha asilimia chache kama ilivozoea enzi za matangazo ya zamani. Usiirekebishe kutoka kwenye kompyuta kwa kuibana picha, utaharibu ukali. Irekebishe kwenye tv, LG tafuta Just Scan, Samsung tafuta Fit to Screen, Sony ni Display Area unaweka Full Pixel. Kujua kama sasa kila pikseli inakaa mahali pake, andika maneno madogo mekundu juu ya weusi uyasogelee, yakiwa na kingo safi uko sawa, yakiwa yamepakaa rangi bado tv inapunguza, rudi kwenye ile aikoni ya PC.

Kuna hii VRR, yani Hz za tv kupanda na kushuka kufuata fremu za gemu, washa kama tv inayo. Inafanya tv isubiri kadi badala ya kadi kuikimbiza tv, kwahiyo fremu zikishuka kutoka 110 kwenda 80 huoni picha kukatika vipande. Kwenye kadi inaweza kujitokeza kama G-Sync au FreeSync. Kwa tv ya 120Hz zuia fremu zisivuke kama 116, maana zikigonga ukuta wa 120 ile VRR inaacha kufanya kazi na uchelewaji unarudi.

Ukubwa na umbali watu wanaupuuza sana, na mimi naona ndo unaamua kama utaifurahia tv au utaishia kuumwa shingo. Tv ya 4K ya inchi 43 ina pikseli kama 102 kwa kila inchi, ni kali kuliko monita ya inchi 24 ya 1080p yenye 92, hiyo unaweza kuiweka mezani ukakaa kama mita moja nayo. Inchi 55 inashuka mpaka 80 na upana wake ni kama sentimita 122, ukiiweka mezani utakuwa unageuza kichwa kutafuta ramani ya kwenye kona, isogeze mita moja na nusu au zaidi. Na tv ya inchi 55 ya 1080p ni pikseli 40 tu kwa inchi, hiyo ni ya kukaa kwenye kochi na pedi, sio ya kusomea maandishi. Kimo nacho, macho yako yawe karibu na theluthi ya juu ya skrini, tv iliyotundikwa juu kabisa ukutani inafaa kwa wageni sebuleni ila kwa masaa ya kucheza haifai.

Mzigo kwa kadi usiusahau, 4K ina pikseli kama milioni 8.3, mara nne ya 1080p. Kadi ya kati itahema. Tumia DLSS ya Nvidia au FSR ya AMD, setingi za ndani ya gemu za kukuza picha, kwenye 4K hizi zinatoka vizuri mno hata ukiweka performance, maana ndani gemu inachorwa kwa 1080p alafu inakuzwa. Ujanja mwingine ninaoupenda sana ni kutengeneza resolusheni ya 3840 x 1600, unabaki na ukanda mweusi juu na chini, picha inakuwa pana kama ya zile monita ndefu za ultrawide, na kadi inapunguziwa karibu robo ya kazi. Kwa gemu za magari na za kutembea dunia kubwa hapo utakaa usiku kucha.

HDR, ile ya kuongeza tofauti ya mwanga na giza, iwashe kama tv ina mwanga wa kutosha, fanya kalibresheni kwa ile app ya Windows 11, ikionekana imefifia izime bila huruma.

Kwa wenye tv za OLED, ambazo picha ikiganda muda mrefu inaweza kuacha alama kwenye paneli, vitu visivyosogea ndo adui, ficha taskbar, weka wallpaper nyeusi, skrini izime baada ya dakika chache. Na usizime switchi ya ukutani mara tu umemaliza kucheza, zima kwa rimoti uiache na umeme, maana hizo tv zinafanya usafi wa paneli zikiwa standby, ukikata umeme kazi hiyo haifanyiki.

Sauti chomeka hedifoni kwenye kompyuta moja kwa moja, za bluetooth zinachelewa na utasikia risasi baada ya kuiona. Na kama kompyuta iko nyuma ya tv alafu maus ni ya wairelesi inarukaruka, toa kile kidongo cha USB nyuma ya kava la chuma, kivute kwa waya wa ekstensheni mpaka karibu na mkono, hasa kama kimekaa jirani na poti za USB 3 zinazotumika, zile zinatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4GHz.

Kitu cha mwisho ni kwamba tv nyingi haziamki na hazilali na kompyuta kama monita inavofanya, ukiamsha kompyuta lazima ubonyeze na rimoti. Nayo kompyuta ikilala tv itakaa na lile andiko la no signal mpaka ijizime, kwahiyo ingia kwenye menyu uweke auto power off muda mfupi unaokufaa.