Ufagio kwanza, ngumi baadaye: kuandaa siku ya kazi na ngoma

Nafundisha karate Kakamega, katika ukumbi wa kukodi, na kila kipindi chetu huanza na soji. Watoto huinama mstari mmoja, kila mtu na kitambaa chake kibichi, wakasukuma mbio kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo desturi ya dojo, kumbi za mazoezi za Japani: sakafu husafishwa na wanaoikanyaga. Ukitaka klabu yako itoke kuwatumikia majirani, anzia hapo. Mtoto aliyezoea kupangusa sakafu yake hahitaji hotuba akikuta mtaro umeziba.

Kisha nenda ukaulize. Mara ya kwanza sikuuliza. Nilifika sokoni na watoto thelathini, fagio mpya na suti nyeupe zilizopigwa pasi, tena siku yenyewe ya soko. Akina mama walikuwa wameshatandaza nyanya na omena tangu alfajiri, nasi tukawatimulia vumbi. Muuza omena mmoja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya vibanda. "Mwalimu, huku mbele tunafagia wenyewe kila jioni. Shida yetu ni huu mtaro. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwa magunia." Niliona haya sana. Siku hizi naenda peke yangu wiki mbili kabla, nakaa na kamati ya soko, nawauliza ni kazi gani imewashinda na ni siku gani wateja ni wachache.

Kazi ya mtaro inataka sepetu, majembe, wilbaro mbili, glavu nene na viatu vya mpira. Wadogo wasishuke humo kabisa, maana tope huficha vioo na nyembe. Wao waokote plastiki juu. Tope lenyewe msiliache kando ya mtaro, mvua moja tu italirudisha. Kubalianeni mapema ni nani atalizoa, na lini. Suti zibaki kwenye mifuko hadi watu wanawe.

Baada ya chai ndipo zamu ya utamaduni, na hapa klabu nyingi hukosea. Huvunja mbao mbili tatu, zikapigiwa makofi, zikaenda zao. Mwenyeji hajafundisha kitu. Sisi huwaita wapigaji wa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wanaoijua vizuri wanazeeka, na vijana wa kuirithi ni wachache. Basi waalike kama walimu, na uwalipe kama walimu: nauli, chakula na posho.

Chagua kata moja nyepesi, yaani mfululizo wa mapigo na hatua uliopangwa. Sisi hutumia Heian Shodan, yenye hatua 21, ambayo mwalimu wa karate Anko Itosu aliitunga kwa ajili ya watoto wa shule kule Okinawa. Mwache mpigaji aitazame mara mbili bila kupiga chochote. Isukuti huja tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Mzee wetu alisikiliza watoto wanapopiga kelele ya kiai, hatua ya 9 na ya 17, akaziachia ngoma kubwa sehemu hizo mbili. Halafu akamsimamisha msichana wa mkanda wa njano. "Mguu wako umefika, mjukuu wangu, lakini mkono bado uko njiani. Ngoma haikungoji." Jambo hilo hilo nilikuwa nimelisema kwa miezi. Aliporudia, ngumi na mguu vilitua pamoja na ngoma.

Zamu ikigeuka, wape wazee muda ule ule mliochukua ninyi. Watoto wa karate hukaza mabega, na isukuti huchezwa kwa mabega, kwa hiyo watachelewa kushika. Usiwakimbize.

Kabla ya kuondoka, panga na kamati siku ya kurudi kuukagua mtaro. Sisi hurudi baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mara ya mwisho yule mama muuza omena alikuwa ameyashusha magunia yake kutoka juu ya matofali, yamekaa chini, makavu.