Kabla ya kutafsiri "maverick" kwa Kihispania

Mtu asiyefuata mkumbo ana majina mengi kwa Kiingereza, na kila jina lina ladha yake. Kabla hujafungua kamusi kutafuta neno la Kihispania, soma habari nzima ujue kama mwandishi anamsifu mtu huyo, anamshangaa au anamdharau. "Free spirit" ni neno la upendo, na "espíritu libre" linatosha kabisa. "Oddball" lina dharau kidogo. Kihispania kina "bicho raro", yaani mdudu wa ajabu. Ukilitumia kwenye hotuba ya kumuaga mwalimu anayestaafu, umemvunjia heshima mbele ya wanafunzi wake.

Neno linalotaka maandalizi zaidi ni "maverick". Limetokana na Samuel Maverick, mwanasheria na mwenye ardhi wa Texas aliyefariki mwaka 1870, ambaye ng'ombe wake walizurura bila kupigwa chapa. Ndama yeyote asiye na alama akaitwa kwa jina lake, kisha jina likahamia kwa binadamu asiyekubali chapa ya mtu. Mwaka 2008, John McCain alijinadi kwa neno hilo alipogombea urais wa Marekani.

Kamusi zitakupa "inconformista". Si kosa, ila ni kavu. Kwa mwanasiasa anayekwenda kinyume na chama chake, magazeti ya Hispania yana "verso suelto", mshororo usiopatana vina na wenzake. Sisi tuliolelewa na mashairi ya vina na mizani hatuhitaji kuelezwa uzito wa picha hiyo, na mimi naipenda kuliko zote. Huko Argentina na Uruguay wafugaji wana "orejano": mnyama asiyekatwa alama sikioni, na pia mtu asiyefungamana na upande wowote. Kwa asili yake, hilo ndilo pacha wa "maverick". Hata hivyo, jiulize kwanza msomaji wako yuko wapi, maana picha ya malishoni Uruguay huenda isimfikie mtu wa mjini Madrid.

Chunga pia maneno yanayofanana sura tu. "Extravagant" ya Kiingereza mara nyingi ni mtu mfujaji, lakini "extravagante" ni mtu wa vituko. "Bizarro" kwa asili ni shujaa, ingawa siku hizi wengi hulitumia kwa maana ya ajabu, kama Kiingereza. Na ukikuta "Nonconformist" kwa herufi kubwa kwenye historia ya Uingereza, hapo wanatajwa Waprotestanti waliokataa kulifuata Kanisa la Anglikana, hasa baada ya sheria ya mwaka 1662. "Cimarrón" nalo usilifanye pambo: waliitwa hivyo watumwa waliotoroka mashamba ya Amerika.

Jambo jingine ni jinsia. Kiingereza na Kiswahili vinaweza kumtaja mtu bila kusema ni mwanamke au mwanamume. Kihispania mara nyingi kitakudai. "Excéntrico" hugeuka "excéntrica", "bohemio" huwa "bohemia", ilhali "inconformista" halibadiliki. Kama andiko halisemi, muulize aliyekupa kazi kabla hujaanza. "Verso suelto" halikusumbui: hata kwa mwanamke hubaki vilevile.