Kubalansi kabureta mbili kwa paipu ya leveli na oili ya boti

Wenye Boxer na TVS samahani, haya hayawahusu. Kubalansi ni kuzilinganisha kabureta zipitishe hewa sawa. Silinda moja, kabureta moja, hakuna cha kubalansi hapo, na fundi akikwambia leta elfu moja nikubalansie ujue yuwatafuta hela ya biriani. Naongea na wenye zile pikipiki za zamani za silinda mbili au nne, ambazo huku Malindi nyingi ziliachwa na Wataliano na sasa ziko mikononi mwa vijana wetu.

Juzi nimemaliza Suzuki GS500 ya binamu yangu. Silinda mbili, cc 487, yapozwa na upepo tu, kabureta mbili za Mikuni. Aliinunua kwa mzee mmoja Mtaliano aliyekuwa akifunga nyumba Casuarina arudi kwao, na ilikuwa imekaa chini ya makuti kama miaka miwili upepo wa bahari waipuliza usiku na mchana. Akanijia: "Kaka, hii yatetema mpaka nikifika Gede mikono yaniwasha, na kwa kioo cha pembeni sioni kitu, naona ukungu tu."

Je, kubalansi kwasaidia kweli? Kwasaidia, lakini si vile watu wafikiria. Ndani ya kila kabureta kuna kipepeo, kile kisahani kinachofunguka ukivuta mafuta. Pikipiki ikiwa kwenye sailensa, yaani yanguruma yenyewe bila kuvutwa, uwazi wa kile kipepeo ni mdogo sana, kwa hivyo kimoja kikizidi mwenzake kidogo tu, silinda moja yala hewa nyingi na nyingine yaburutwa kama mtoto anayepelekwa chuoni kwa nguvu. Ndiyo ile mitetemo. Lakini ukivuta mpaka mwisho, vipepeo vyote viko wazi kabisa na ile tofauti ya unywele haina maana tena. Kwa hivyo utapata sailensa tulivu, utaondoka kwenye bampu bila kushtuka, mikono itapumzika. Spidi ya mwisho itabaki ile ile. Mtu akikuuzia hii kazi kwa kukwambia pikipiki itapaa, kataa.

Na GS500 hata ikibalansiwa na malaika haitanguruma kama cherehani, pistoni zake hupishana moja juu moja chini na milipuko haiji kwa nafasi sawa. Ule mlio wake wa kuchechemea ni wa kuzaliwa nao.

Hatua ya 1: kila kitu kingine kwanza

Valvu zipimwe injini ikiwa baridi, plagi mpya, filta safi, jeti ndogo (vile vipande vyenye tundu vya kupitisha petroli ndani ya kabureta) zizibuliwe. Hii ni kazi ya mwisho, si ya kwanza. Hapa sitaeleza, kama hujui kusafisha kabureta usianze na hii.

Hatua ya 2: mshipi

Kabureta zikiwa bado mezani, chukua mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba, kata vipande viwili. Ingiza kimoja chini ya kila kipepeo, funga taratibu kwa skrubu ya sailensa mpaka uhisi unakamatwa, kisha vuta vyote viwili. Vikamatwe sawa. Kama kimoja chateleza na kingine kimenasa, zungusha ile skrubu ya katikati yenye springi, ya kubalansi. Dakika 5 zimekwisha. Watu huiruka wakidhani ya kitoto, nami nasema ukiikosea hii, hatua ya 4 itamwaga oili ndani ya injini yako.

Hatua ya 3: kipimo

Geji za mvuto za kununua zipo, zile za saa mbili au nne zenye mishale. Mimi nilinunua za bei rahisi, mishale yacheza kama iko ngomani na kila saa yasoma lake. Nimeziweka. Zile za zebaki ni sumu, usiziingize nyumbani kwenye watoto.

Nenda hadiwea uombe mita 4 za paipu nyeupe ya kuonekana ndani, ile mafundi wa mjengo huitumia kupima leveli kwa maji. Ipinde kama herufi U kwenye ubao wa mita moja na nusu, ifunge kwa waya, mwaga oili mpaka nusu ya kila upande. Oili naipendelea ya tu-stroki, hii wavuvi huchanganya na petroli ya mashine za boti, ina rangi yaonekana vizuri na ikivutwa ndani itaungua itoe moshi tu. Maji usitumie. Kwenye kila mdomo wa paipu nimesukuma jeti kuukuu ya kabureta ya boda, zote mbili za namba sawa, ili tundu liwe dogo na oili isiruke juu chini kwa kila pigo la pistoni.

Hesabu kidogo. Vitabu vya Kawasaki nyingi hukubali tofauti ya sentimita 2 za zebaki. Zebaki ni nzito kuliko oili mara 15 na kitu, kwa hivyo hizo sentimita 2 kwenye ubao wako ni kama 31 za oili. Ukifikisha tofauti ya sentimita 3 tayari umewashinda wenye geji. Ubaya wa oili ni huo huo wepesi wake, paipu moja ikichomoka upande mmoja ukiwa bado umeunganishwa, oili yote yaingia ndani ya sekunde. Mkono mmoja uwe tayari kuibana.

Hatua ya 4: hapa ndipo nilipoteza jioni nzima

Tangi limetoka, petroli yatoka kwenye chupa niliyoitundika mbali na moto kwa mpira mrefu. Sanduku la filta liache mahali pake, hizi kabureta hazipendi kukaa uchi. Kwenye kila kabureta kuna kitundu cha mvuto, kimoja kina kofia ya mpira na kingine kina mpira uendao kwa koki ya petroli. Toa vyote, chomeka paipu zako. Kazi ifanyike nje, moshi huua kimyakimya, na weka feni ya nyumbani mbele ya injini kwa sababu imesimama na haina upepo. Injini iwe imepata moto sawasawa, sailensa karibu mizunguko 1,200 kwa dakika.

Nikawasha baada ya Alasiri. Oili ikapanda upande wa kulia kama sentimita 60. Silinda inayovuta zaidi ndiyo inayopandisha oili kwake, yaani kipepeo chake kimefunga zaidi, wengi husoma kinyume. Nikageuza skrubu, ikashuka, ikalingana. Nikafurahi. Nikapiga resi kidogo mpaka 3,000 kuhakikisha, oili ikaruka upande wa pili sentimita 80! Nikarudisha. Sawa kwa 3,000, mbovu kwa sailensa. Sawa kwa sailensa, mbovu kwa 3,000. Nikabadilisha paipu kulia iende kushoto nikidhani kipimo chadanganya (hili lifanye kila mara, majibu yakihama na paipu basi tatizo ni kipimo), majibu yakabaki kwa silinda ile ile. Nikatoa kabureta, nikarudia mshipi, nikarudisha. Magharibi ikaadhiniwa nikaenda nikarudi, yule binamu amekaa kwenye ndoo yuaniangalia bila kusema kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Karibu na Isha nikakumbuka chupa ya kunyunyizia maji ya mke wangu ya kupiga pasi. Injini yawaka, nikanyunyiza maji kidogo kidogo kwenye mipira inayoshika kabureta na injini. Kulia hakuna kitu. Kushoto, upande wa chini usioonekana, mara mlio ukabadilika, ukashuka ukapanda. Nilipoutoa ule mpira ulionekana mzima kabisa, mpaka ukiupinda ndipo mdomo wa ufa wafunguka, mrefu kama kucha ya kidole gumba. Jua na chumvi na joto la injini.

Kumbe hewa ya wizi ilikuwa ikiingia hapo. Kwenye sailensa hewa ya halali ni kidogo kwa hivyo ya wizi ni kubwa mno, ukifungua vipepeo ile ya halali yawa nyingi na ya wizi haionekani tena. Mimi nilikuwa nikibalansi ufa, si kabureta. Kwa hivyo ukiona yalingana chini na yaachana juu, acha skrubu, chukua maji. Wako wanaonyunyiza petroli au dawa ya kabureta kwenye injini ya moto, mimi sifanyi, nyumba yangu ni ya makuti. Na silikoni usipake, petroli huila ikawa kama uji. Nikaagiza mipira miwili mipya Mombasa, kazi ikasimama siku nne.

Hatua ya 5: skrubu yenyewe

Mipira mipya ilipoingia hii ilichukua dakika 10. Geuza robo ya robo, toa bisibisi, kwa sababu ukiikandamiza uzito wa mkono wako peke yake wahamisha oili. Piga resi moja fupi, iachie, ngoja itulie, ndipo usome. Sailensa ikipanda ishushe kwa skrubu yake. Yetu iliishia tofauti ya sentimita 2, na kwa 3,000 hivyo hivyo. Kwa silinda nne zilizopangwa mstari, kwa kawaida walinganisha ya 1 na 2, kisha ya 3 na 4, mwisho skrubu ya katikati ilinganishe jozi mbili.

Rudisha kofia ya kile kitundu na mpira wa koki. Kofia ikiwa imekakamaa nunua mpya, nayo huvuja vile vile.

Binamu aliipeleka mpaka daraja la Sabaki akavuka kwenda Mambrui. Aliporudi akasema kwa kioo sasa aona hata namba ya matatu iliyo nyuma, ila kwenye lami tupu haikuongeza hata kilomita moja. Petroli asema ni ile ile.

Ubao utundike ukutani na midomo miwili ya paipu uichomeke pamoja. Wangu niliuacha wazi mwezi mmoja, nyigu wakajenga udongo ndani ya jeti moja.