Blogu ya duka: jinsi ya kuandika makala ambazo mteja anazitafuta

Kazi yangu ni kuuza na kufunga mitambo ya sola hapa Lubumbashi, na duka letu lina blogu. Wenye maduka wenzangu wa mitaa ya hapa mjini, Kenya na Kamalondo, huniuliza kwa nini stetasi ya WhatsApp haitoshi. Stetasi hufutika baada ya saa 24. Makala hubaki, na mtu wa Likasi anayetafuta habari za betri usiku anaweza kuikuta kwenye Google hata kama hajawahi kusikia jina la duka lako.

Hatua ya 1: Anza na daftari

Kabla ya kufungua chochote kwenye intaneti, weka daftari kwenye meza ya kuuzia. Kila swali la mteja liandike kwa maneno yake mwenyewe, usiyanyooshe. Mama anayeuza samaki wa barafu haulizi habari za wati. Anauliza: "Hii itaweza kubeba frigo yangu mpaka asubuhi?" Hicho ndicho kichwa cha makala yako. Baada ya majuma machache utaona maswali yaleyale yanarudi. Anza na hayo. Makala ya kujisifu, "sisi ni wa kwanza mjini", iache. Mteja hakuja kutafuta sifa zako, ana shida anayotaka itatuliwe.

Hatua ya 2: Jibu swali moja, lijibu lote

Chukua swali hili: "Paneli niielekeze wapi?" Maelekezo mengi kwenye intaneti yameandikwa Ulaya na Marekani, nayo yanasema kusini. Kwetu ni kinyume. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Paneli ielekee kaskazini, na iinamishwe kidogo ili maji ya mvua yateremke na uchafu. Kisha ongeza jambo ambalo mtu wa hapa tu ndiye analijua vizuri: kuanzia Mei hadi Septemba mvua hakuna, vumbi jekundu linakaa juu ya kioo, na umeme unapungua. Paneli ifutwe asubuhi mapema ikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini.

Makala kama hiyo huwezi kuinakili popote, na ndiyo maana mtu wa Katuba ataisoma hadi mwisho na kumtumia shemeji yake. Jibu liwe katika sentensi ya kwanza, sababu zifuate, halafu picha ya kazi mliyoifanya ninyi wenyewe. Namba ya simu iweke mwishoni, mara moja tu.

Hatua ya 3: Taja bei

Hapa wengi wanaogopa mshindani. Lakini mshindani anazijua bei zako tayari. Hutuma mtu aje kuuliza kama mteja. Asiyezijua ni yule anayeona haya kuingia dukani kwa sababu hajui kama pesa yake itatosha.

Mwaka 2009 Marcus Sheridan, mmoja wa wenye kampuni ya River Pools and Spas huko Virginia, Marekani, alikuwa na biashara iliyotikiswa na mgogoro wa uchumi. Akaanza kujibu kwa maandishi maswali ya wateja, pamoja na lile ambalo wauzaji wengi wa mabwawa ya kuogelea walilikwepa: linagharimu kiasi gani? Makala hiyo ya bei ilimletea wateja wengi, na kampuni ikasimama tena.

Kwetu, andika bei ya chini na ya juu, kwa dola na kwa franka, na tarehe pembeni, maana kiwango cha kubadilisha pesa hakitulii. Eleza kinachoipandisha: betri ya lithiamu badala ya ya risasi, nyaya ndefu, gharama za kuvusha mzigo mpakani Kasumbalesa.

Hatua ya 4: Fungua blogu

Hii ni rahisi. Blogger ya Google ni ya bure, na simu inatosha. Angalia picha tu: picha moja ya simu inaweza kufika mega 4, na mega hizo analipa msomaji wako. Zipunguze kabla ya kuzipandisha. Andika Kiswahili cha wateja wako. Kama unauzia pia kampuni za migodi, weka Kifaransa kwenye ukurasa wake.

Hatua ya 5: Peleka makala kwa anayeihitaji

Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Mwombe mteja aihifadhi siku anaponunua. Makala ya frigo wapelekee wenye frigo.

Hatua ya 6: Jibu, hasa habari ikiwa mbaya

Mwaka 2006 picha za kompyuta ya Dell ikiwaka moto zilienea duniani. Dell ilikuwa imetoka tu kufungua blogu yake mwezi Julai, ikalizungumzia jambo hilo humohumo. Agosti ikatangaza kurudishwa kwa betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony.

Basi papa mmoja, mteja wako, akiandika kwamba betri yake imekufa ndani ya mwaka, usifute maoni yake. Mjibu palepale, kwa jina la mtu na si la duka: lini utakuja kuipima, na ikiwa kasoro ni ya betri, utafanya nini. Ukikuta ilikuwa inamalizwa chaji kila usiku, muombe ruhusa uandike, bila kumtaja, kwa nini betri ya risasi isishushwe chini ya nusu. Kisha rudi kwenye makala ya zamani ya betri, ongeza onyo hilo juu kabisa, na ubadilishe tarehe.