Somo: Makumbusho ya Oslo kwa siku moja, hatua kwa hatua

Ndugu zangu, tangu nihamie huku Oslo, Norwe, kila kiangazi kinaniletea wageni. Mara shemeji, mara kijana aliyekuja kwenye semina na kubakiwa na siku moja. Wote huja na orodha moja: Skrik ("Yowe"), ile picha maarufu ya mchoraji Mnorwe Munch, meli za Vaikingi, sanamu za mchongaji Vigeland, na majumba mengine manne juu yake. Ikifika saa tisa alasiri utawakuta wamekaa kwenye benchi, viatu wamevua, wanatazama simu. Kwa hiyo leo naandika njia ninayowapitisha mimi. Ni majumba matatu tu, na la kwanza ni la bure.

Hatua ya 1: Chagua siku

Epuka Jumatatu, maana Nasjonalmuseet, jumba la taifa la sanaa, hufungwa. Siku nyingine milango hufunguliwa saa nne asubuhi. Na tahadhari moja ambayo imeshawaponza wageni wangu: Mnorwe akikwambia "halv elleve" anamaanisha saa kumi na nusu, nusu *kabla* ya kumi na moja, kwa saa zao. Sisi tunaohesabu kuanzia alfajiri, hiyo ni saa nne na nusu. Ukitafsiri kwa haraka utachelewa saa nzima. Omba wakuandikie.

Hatua ya 2: Kutoka uwanja wa ndege

Utaona treni ya haraka inaitwa Flytoget, inatangazwa kila kona. Treni ya kawaida ya Vy inapita reli ileile, inachelewa dakika chache tu, na nauli yake ni karibu nusu. Shuka kituo cha Nationaltheatret, usishuke Oslo S (kituo kikuu), hapo utakuwa umebakiza mwendo mfupi wa miguu. Kwenye tramu na reli ya chini hakuna konda wala geti, lakini wakaguzi hutokea ghafla na faini yao haina mjadala. Nunua tiketi kwenye programu ya simu ya Ruter, kampuni ya usafiri wa mjini, kabla ya kupanda. Anayekusudia kuingia majumba mawili au matatu ya kulipia apige hesabu ya Oslo Pass, kadi ya pamoja ya viingilio, ya saa 24, 48 au 72. Usafiri wa mjini umo humohumo.

Hatua ya 3: Anza Rådhuset

Hili ni jengo la halmashauri ya jiji, la matofali mekundu, lenye minara miwili minene. Lilizinduliwa 1950 na wenyeji wengine bado wanalisema kwa sura. Ingia tu, hakuna kiingilio. Ukumbi mkubwa umechorwa kuta nzima: wavuvi, wafanyakazi, na miaka ya kukaliwa na Wajerumani. Siku nyingine hufungwa kwa shughuli, hivyo angalia kwanza.

Ninaanzia hapa kwa sababu yangu. Tangu 1990 Tuzo ya Amani ya Nobel hutolewa ndani ya ukumbi huu, kila tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Nobel. Hapa ndipo aliposimama Wangari Maathai mwaka 2004, Mwafrika mwanamke wa kwanza kuipata. Hapa ndipo alipoitwa daktari Denis Mukwege wa Bukavu mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad. Nilimleta mama mmoja wa Kikongo, jirani yangu, akauliza Mukwege alisimama wapi hasa. Nikamwonyesha upande wa mbele. Akaenda pale, akakaa kimya kidogo, akasema, "Haya, twende." Hakuhitaji maelezo ya michoro.

Hatua ya 4: Nasjonalmuseet, saa mbili na nusu

Ni hapo karibu, nyuma ya kituo cha zamani cha treni ambacho sasa ni Nobels Fredssenter (Kituo cha Amani cha Nobel). Lilifunguliwa Juni 2022 na linahesabika kuwa jumba kubwa kuliko yote ya sanaa katika nchi za Nordiki: vyumba karibu 90, vitu kama 6,500. Usijaribu kuvimaliza, hakuna atakayekupa medali. Koti na begi la mgongoni weka kwenye makabati. Mimi nina vituo vitatu tu.

Cha kwanza ni pazia la mafuvu. Lilitundikwa ukumbi wa kuingilia jumba lilipofunguliwa: mafuvu 400 ya reinsdyr, wale wanyama wa pembe za matawi wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini. Yamepangwa kwa rangi, meupe hadi ya kahawia, na ukisogea utaona kila moja lina tundu la risasi. Aliyelitengeneza ni msanii Msami, Máret Ánne Sara. Serikali ilimwamuru kaka yake, mfugaji kijana, apunguze kundi hadi wanyama 75. Akaenda mahakamani, akashinda mara mbili, akashindwa Mahakama ya Juu Desemba 2017. Dada yake naye akaleta mafuvu. Mfugaji yeyote wa kwetu aliyewahi kuambiwa na bwana mifugo apunguze ng'ombe atalisoma pazia lile bila mkalimani. Na jambo linalonishangaza ni kwamba taifa lililomshinda kaka mtu ndilo lililonunua kazi ya dada mtu na kuiweka mlangoni.

Cha pili ni kipande cha zulia la ukutani kutoka kanisa la Baldishol, cha karne ya 11 au 12. Kina mwezi wa Aprili, mzee wa ndevu na ndege, na mwezi wa Mei, askari juu ya farasi. Kimefumwa na kinang'aa kuliko khanga mpya. Watu hukipita mbio wakiwahi kwa Munch.

Cha tatu, haya, Skrik yenyewe, ya 1893. Ni ndogo na imechorwa kwenye kadibodi. Karibu kila mtu hudhani yule jamaa ndiye anayepiga yowe. Mtazame mikono: ameziba masikio. Munch alieleza kwamba alikuwa akitembea jioni, anga likageuka jekundu, akahisi yowe kubwa likipita katika maumbile yote. Jamaa anajikinga nalo. Kisha inama uangalie kona ya juu kushoto, kuna mwandiko hafifu wa penseli unaosema picha hii ingeweza kuchorwa na mwendawazimu tu. Kwa miaka watu walidhani ni mgeni mkorofi aliyeandika. Mwaka 2021 wataalamu wa jumba walilinganisha miandiko wakatangaza kuwa ni mkono wa Munch mwenyewe.

Picha hii iliibwa Februari 1994 kwa ngazi ya kuegemeza dirishani, siku ileile Olimpiki ya Lillehammer ilipofunguliwa. Wezi wakaacha kadi ya kushukuru kwa ulinzi mbovu. Ilipatikana Mei mwaka huohuo.

Hatua ya 5: Kula

Mkahawa wa makumbusho utakumaliza mfuko. Wanorwe wenyewe hutembea na mkate waliouandaa nyumbani, na hakuna anayekucheka ukifungua chapati zako kwenye benchi la bandarini. Maji ya bomba ni salama.

Hatua ya 6: Alasiri, chagua moja

Wapenda picha waende MUNCH, kule Bjørvika, jumba la ghorofa 13 linaloinama juu kana kwamba linasikiliza bahari. Munch aliusia kazi zake kwa jiji mwaka 1940, akafariki 1944. Hapa Skrik zipo za aina tatu, na huonyeshwa kwa zamu, maana mwanga huzila. Moja ikiwa wazi, nyingine zimepumzika gizani.

Watu wa pwani nawapeleka Bygdøy, rasi yenye majumba ya vyombo vya bahari, kwa basi namba 30. Jumba la Fram lina meli nzima ya 1892 unayoingia ndani, ile iliyompeleka mvumbuzi Mnorwe Amundsen kwenye safari ya Ncha ya Kusini. Jirani yake ni jumba la Kon-Tiki, chelezo ya msafiri Mnorwe Thor Heyerdahl: mihimili tisa ya balsa, mti mwepesi, watu sita, siku 101 baharini mwaka 1947. Lakini aliyekulia Lamu au Unguja atasimama zaidi kwenye Ra II, chombo chake kingine, cha mafunjo kilichofungwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Utakumbuka habari za mtepe, jahazi letu la zamani la kushonwa. Chombo cha mwisho cha Heyerdahl, Tigris, kilitoka Iraki, kikapita Maskati, na kikaishia kwetu upande wa Djibouti mwaka 1978. Huko alikichoma moto mwenyewe kupinga vita vilivyoizunguka Pembe ya Afrika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zawadi: Ahsante mwalimu. Nakuja na watoto wawili, miaka 6 na 14. Kiingilio chao?

*Jibu:* Karibu mama. Nasjonalmuseet walio chini ya miaka 18 hawalipi. Huyo wa miaka 6 mpeleke Fram kwanza, atapanda na kushuka ngazi za meli mpaka achoke. Usimwanzie na picha.

Msafiri_TZ: Nina saa saba za kusubiri ndege Gardermoen. Naweza kutoka?

*Jibu:* Kaka, kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya bila viza ya Schengen huvuki. Kama unayo, fanya hatua ya 3 na ya 4 tu, na uwe umerudi uwanjani saa mbili kabla.

Babu wa Mkunazini: Mbona hukutaja meli za Vaikingi? Nimesoma mahali ziko Bygdøy.

*Jibu:* Shikamoo babu. Ziko kweli, ila jumba lilifungwa 2022 linajengwa upya, na mpango ni kulifungua 2027. Maandishi mengi ya mtandaoni bado yanawapeleka watu getini. Kwa sasa nenda Historisk museum, jumba la historia mjini, uone kofia ya chuma ya Gjermundbu. Haina pembe. Zile pembe ni za jukwaani.

Bukavu Moja: Hivi kuna vitu vyetu humo? Nasikia Wanorwe nao walikuwa Kongo.

*Jibu:* Walikuwako. Manahodha na mafundi wengi wa Skandinavia walifanya kazi chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na baadhi ya walivyorudi navyo vimo kwenye mikusanyo ya Historisk museum. Na kuna jingine. Mwaka 1914, kwenye maonyesho makubwa hapa Oslo, wakati huo ikiitwa Kristiania, walijenga "kijiji cha Kongo" na kuweka Waafrika 80 wakitazamwa na watu. Wengi hata hawakuwa Wakongo, walitoka Senegali. Palikuwa Frogner, hapohapo ambapo leo watu hupiga picha na sanamu za Vigeland.

Bukavu Moja: Nitapita hapo basi.

*Jibu:* Pita. Bustani iko wazi mchana na usiku, hakuna kiingilio.